Seli za Uloto, za Paja au za iPS: Ulinganisho kwa Mwenye Moyo Ulioharibika

Anayeuguza mgonjwa wa moyo Tanga mjini hachelewi kuletewa habari za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Jamaa aliyeko ng'ambo atatuma video ya daktari akichoma seli kwenye moyo. Wakala wa safari za matibabu atakuja na bei kwa dola na picha za wagonjwa wanaotabasamu. Na yupo yule anayepita mitaa ya Ngamiani na boksi la vidonge au unga, akiapa kwamba mjomba wake alikuwa wa kitandani na sasa anatembea. Wote watatu wanatumia jina moja kwa vitu visivyohusiana, na familia inajikuta inalinganisha bei kabla haijajua inalinganisha nini na nini.

Vidonge tuvimalize hapa hapa. Seli hai hugandishwa na kutunzwa kwenye tangi la naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 130 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa ina saa chache tu za kutumika. Boksi lililokaa dukani kwenye joto la Februari halina seli hai ndani yake, na hata ingekuwamo, tumbo lingeimeng'enya pamoja na chakula. Unga wa "seli shina za tufaha" ni unga wa mmea. Fedha ya boksi hilo ina kazi nyingine, tutaifikia.

Zinazobaki ni seli ambazo watafiti wamezitia kweli kwenye mioyo ya watu: za msuli wa paja, za uloto (ute wa ndani ya mfupa), za mesenkima (seli shina za tishu unganishi), na seli za msuli wa moyo zinazotengenezwa kutokana na seli za iPS (seli za kawaida zilizorudishwa katika hali ya mwanzo). Hizo ndizo za kulinganisha.

Kabla ya seli: moyo umeharibiwa na nini?

Swali hili wauzaji hulikwepa, na ndilo linaloamua nusu ya mambo. Majaribio mengi makubwa ya seli yalifanywa kwa watu waliopata mshtuko wa moyo: mshipa mmojawapo unaolisha moyo uliziba, kipande cha msuli kikafa, kovu likabaki. Wazo lilikuwa kupanda seli mpya palipo na kovu.

Sasa tazama wagonjwa wetu. Utafiti wa wagonjwa 427 wenye moyo ulioshindwa kazi, uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa 2014, ulikuta chanzo ni presha kwa asilimia 45, ugonjwa wa msuli wa moyo wenyewe kwa asilimia 28, na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi kwa asilimia 12. Walioharibikiwa kwa sababu ya mishipa ya moyo kuziba walikuwa asilimia 9 tu. Kwa hiyo matangazo mengi ya seli yanahusu ugonjwa ambao mgonjwa wako huenda hana.

Mwenye vali iliyokakamaa anahitaji vali irekebishwe au ibadilishwe. Ukimchoma seli kwenye msuli, mlango bado umebana. Mama aliyevimba miguu na kukosa pumzi wiki chache baada ya kujifungua ana ugonjwa ambao mara nyingi hupungua sana ndani ya miezi kwa dawa peke yake, na muuzaji wa seli angefurahi mno kumpata mwezi wa kwanza ili ajipatie sifa ya nafuu itakayokuja yenyewe. Mwenye moyo wa presha ya miaka mingi ana msuli ulionenepa na kukakamaa wote. Hapo hakuna kovu moja la kupanda kitu.

Ichukue karatasi ya eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, umwombe daktari akuoneshe mambo matatu. La kwanza ni tarakimu ya EF, yaani sehemu ya damu iliyomo kwenye chumba cha chini kushoto inayosukumwa kila pigo. Kwa mtu mzima ni asilimia 55 hivi na kuendelea. Ikifika 40 au chini yake, usukumaji umedhoofika waziwazi. La pili, je, ni ukuta mmoja wa moyo usiosogea, au moyo wote unasukuma kwa unyonge? Ukuta mmoja unaelekeza kwenye mshipa ulioziba. Moyo wote ukiwa mnyonge, mara nyingi kuna hadithi nyingine. La tatu ni hali ya vali.

Na hiyo EF usiiabudu. Mgonjwa yuleyule akipimwa na wapimaji wawili, tarakimu zinaweza kutofautiana kwa pointi 5 au zaidi, bila chochote kubadilika moyoni. Likumbuke hili ukifika kwenye matokeo ya uloto.

Kwa nini seli zilifikiriwa

Chumba cha kushoto cha moyo kina seli za msuli zinazokadiriwa bilioni 2 hadi 4. Mshtuko mkubwa unaweza kuua hadi bilioni moja. Mwaka 2009 kikundi cha Jonas Frisén wa Stockholm kilipima umri wa seli za moyo kwa kutumia kaboni 14 iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, kikakuta kwamba kijana wa miaka 25 hufanya upya asilimia 1 hivi ya seli hizo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Kasi hiyo haijazi shimo la seli bilioni. Ndiyo maana watu walitafuta mbegu kwingine.

Seli za msuli wa paja

Hizi ndizo zilizotangulia. Msuli wa mifupa una akiba ya seli changa zinazoamka msuli ukiumia. Zikikuzwa maabara huitwa mayoblasti. Zina sifa tatu nzuri: ni za mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo mwili hauzikatai, huongezeka kwa wingi, na huvumilia upungufu wa oksijeni kuliko seli za moyo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Paja linatiwa ganzi, kipande cha msuli kinakatwa na kupelekwa maabara kwenye maji baridi yenye virutubisho. Kinakatwakatwa, kinayeyushwa kwa vimeng'enya ili seli ziachane, kisha seli zinakuzwa kwa wiki mbili hadi tatu hadi zifikie mamia ya mamilioni. Hapo kati ndipo pa kuharibikia. Seli za tishu unganishi huzaliana haraka kuliko mayoblasti na zinaweza kukijaza chombo, hivyo maabara hulazimika kupima alama ya CD56 kujua ni asilimia ngapi ya mzigo ni mayoblasti kweli. Zikiachwa zisongamane, zinaungana na kuwa nyuzi, na uzi hauzaliani tena wala haupiti vizuri kwenye sindano. Uchafuzi mmoja wa bakteria unaitupa wiki tatu nzima. Mwisho wake kifua kinafunguliwa, kwa kawaida wakati wa upasuaji wa kuchepusha damu, na seli zinachomwa kwa sindano nyembamba sehemu nyingi za kovu na pembezoni mwake.

Philippe Menasché alimfanyia hivyo mgonjwa wa kwanza jijini Paris, Juni 2000. Mgonjwa huyo alipofariki kwa kiharusi zaidi ya mwaka mmoja baadaye, moyo wake ulichunguzwa, na nyuzi za msuli zilizotokana na paja zilikutwa hai ndani ya kovu. Basi kuishi ziliishi.

Tatizo lilikuwa jingine. Seli za moyo zimeunganishwa na vijitundu vya protini, hasa koneksini 43, ambamo umeme hupita kutoka seli moja hadi nyingine ili zote zijikunje kwa pamoja. Mayoblasti ikishakomaa kuwa uzi wa msuli huacha kutengeneza koneksini hiyo. Inabaki moyoni kama mpiga kasia asiyemsikia nahodha: ana nguvu, lakini mpigo wake si wa chombo. Zaidi ya hapo, umeme unaokuta kisiwa kisichopitisha huzunguka pembeni yake, na mzunguko huo ndio mwanzo wa mapigo ya hatari. Katika wagonjwa 10 wa mwanzo wa Paris, wanne walipata mapigo ya kasi yanayoanzia chumba cha chini, wakawekewa kifaa cha kushtua moyo kifuani.

Jaribio kubwa, MAGIC, lilitoa matokeo mwaka 2008. Wagonjwa 97, dozi ya milioni 400 au milioni 800 au maji matupu, wote na kifaa cha kushtua. Usukumaji wa moyo haukuboreka kuliko kundi la maji matupu. Japani ilijaribu njia nyingine, kuzitandaza seli hizo kama utando juu ya moyo badala ya kuzichoma. Chombo chake cha kukuzia ni cha ustadi: kwenye nyuzi 37 seli hushika sakafu, ukikipoza hadi 20 hujibandua zenyewe, utando mzima bila kukatwa kwa vimeng'enya. Bidhaa hiyo ilipewa kibali cha masharti mwaka 2015, lakini mwaka 2024 wakaguzi waliamua kuwa faida yake haikuthibitika.

Kwa atakayeuziwa seli za paja leo, jibu ni hapana, na halihitaji mjadala mrefu.

Seli za uloto

Hapa ndipo penye majaribio mengi kuliko pote, na ndipo maneno ya wauzaji yanapoonekana kuwa na ushahidi. Tutakaa kidogo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Kupandikiza uloto kwa ajili ya magonjwa ya damu ni tiba iliyothibitika. Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma huifanya kwa watoto wenye selimundu. Humo uloto unapewa kazi yake ya kuzaliwa, kutengeneza damu. Kuuchukua uloto uleule na kuutaka uwe msuli wa moyo ni jambo tofauti kabisa, ingawa tangazo litaweka yote mawili kwenye aya moja.

Utaratibu uliotumika sana ni huu. Siku chache baada ya mshtuko, mshipa ukiwa umeshafunguliwa kwa stenti (kijibomba cha wavu), mgonjwa analazwa na mfupa wa nyonga kwa nyuma unatiwa ganzi. Katika jaribio la REPAIR-AMI la Ujerumani zilivutwa mililita 50 za uloto. Maabara huuzungusha kwenye mashine juu ya kimiminika kizito ili seli zenye kiini kimoja zitengane na chembe nyekundu. Kisha katheta, yaani mrija mwembamba, inapitishwa hadi kwenye mshipa uliotengenezwa, puto dogo linajazwa ndani ya stenti kuzuia damu kwa dakika tatu, na seli zinasukumwa mbele ya puto. Hurudiwa mara tatu, mililita 3.3 kila mara, na damu inaachwa ipite katikati. Puto lipo ili seli zipate muda wa kushika kabla ya kusombwa.

Hata hivyo nyingi husombwa. Watafiti wa Hannover walizitia seli alama ya mionzi, wakapima moyo kati ya dakika 50 na 75 baadaye: zilizobaki moyoni zilikuwa asilimia 1.3 hadi 2.6 tu. Nyingine zilikutwa kwenye ini na wengu. Hii tarakimu mwulize wakala yeyote, uone kama aliwahi kuisikia.

Matokeo je? Jaribio la BOOST, wagonjwa 60: baada ya miezi sita EF ilipanda pointi 6.7 kwa waliopata seli na 0.7 kwa wasiopata, watu wakashangilia. Baada ya miezi 18 tofauti haikuwa tena ya kuaminika, kwa kuwa wasiopata seli walikuwa nao wamepanda. REPAIR-AMI, wagonjwa 204: pointi 5.5 dhidi ya 3.0 baada ya miezi minne. ASTAMI ya Norway, wagonjwa 100: hakuna tofauti. Zingatia kwamba hata asiyepata seli hupanda, maana msuli uliozimia kwa mshtuko huamka wenyewe mshipa ukifunguliwa. Kliniki isiyo na kundi la kulinganishia hujiandikia nafuu hiyo yote.

Mabishano juu ya kwa nini Norway ilikosa na Ujerumani ikapata yalifundisha mengi kuhusu maabara. Seli zikikaa kwenye maji ya chumvi matupu hupoteza uwezo wa kusogea kuelekea kwenye jeraha. Chembe nyekundu zikibaki nyingi kwenye mzigo, seli hudhoofika. Heparini, ambayo karibu kila mtu huitia ili damu isigande, huziba ishara ambayo seli huifuata kwenda moyoni. Mizigo miwili yenye jina moja na idadi moja inaweza kuwa vitu viwili tofauti.

Ili kumaliza ubishi, Ulaya ilipanga jaribio la BAMI la watu 3,000 kuhesabu vifo. Liliishia na 375. Vifo baada ya miaka miwili vilikuwa asilimia 3.26 kwa waliopata seli na 3.82 kwa wasiopata, matokeo yaliyochapishwa 2020. Tofauti hiyo ni ndogo na watu ni wachache mno kuweza kusema lolote. Tiba ya kawaida ya mshtuko ilikuwa imeboreka kiasi kwamba waliokufa walikuwa wachache kila upande.

Kuna na aibu iliyomo kwenye historia hii, ambayo mteja ana haki ya kuijua. Msukumo wa mwanzo ulitoka kwenye makala ya 2001 iliyodai kuwa uloto wa panya hugeuka msuli wa moyo. Mwaka 2004 vikundi viwili vilijaribu na kukuta haugeuki. Piero Anversa, aliyekuwa kiini cha madai hayo na ya seli shina za moyo wenyewe, alikumbwa na uchunguzi, na mwaka 2018 chuo kikuu cha Harvard kilipendekeza makala 31 za maabara yake ziondolewe. Jaribio la SCIPIO la seli hizo za moyo, lililotangazwa 2011 kwa kishindo, liliondolewa kwenye jarida mwaka 2019. Bado utaliona likitajwa kwenye tovuti za kliniki.

Seli za mesenkima

Ndizo zinazouzwa zaidi, kwa sababu hupatikana kwenye uloto, mafuta ya tumbo na kitovu cha mtoto, na za mtu mwingine hazikataliwi upesi. Hazigeuki msuli wa moyo. Kinachodaiwa ni kwamba hutoa kemikali za kupoza uvimbe na kuotesha mishipa. Jaribio la DREAM-HF, lililochapishwa 2023, liliwatibu wagonjwa 537, waliopewa seli wakichomwa milioni 150 kwa katheta kutokea ndani ya moyo. Kurudi hospitali kwa kuzidiwa hakukupungua. Mshtuko wa moyo na kiharusi vilikuwa vichache zaidi, jambo la kufuatiliwa, lakini si lengo kuu lililowekwa.

Kliniki nyingi hazichomi moyoni. Zinatundika dripu mkononi. Damu ya mkononi hupita mapafuni kwanza, na seli hizi ni kubwa, kwa hiyo nyingi hunasa huko. Ukiambiwa dripu, umeambiwa mapafu.

Na kama kemikali ndizo zinazofanya kazi, je, seli lazima iwe hai? Maabara ya Jeffery Molkentin ilichoma panya seli zilizouawa kwa kugandishwa na kuyeyushwa, ikapata nafuu ileile: kinga ya mwili ilikuja kusafisha na kovu likawa bora. Kwetu hilo ndilo jaribio lililouma zaidi kuliko yote.

Seli za iPS

Shinya Yamanaka alionesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa katika hali ya mwanzo kabisa, iweze kuwa seli yoyote. Alipata tuzo ya Nobel 2012 pamoja na John Gurdon. Hizi ndizo pekee kati ya nne zinazotoa msuli wa moyo halisi: baada ya wiki mbili hivi za kuwashiwa na kuzimiwa ishara kwa mpangilio, seli zinaanza kudunda ndani ya chombo.

Hatari yake inatokana na nguvu hiyohiyo. Seli chache zisizokomaa zikiponyoka, zinaweza kuota uvimbe wenye nywele na mfupa. Njia moja ya kuzichuja inapendeza kwa urahisi wake: unaondoa glukosi na kuweka lakteti. Seli za moyo huweza kuishi kwa lakteti. Zisizokomaa hufa njaa. Hatari ya pili ni mapigo. Seli hizi hushikana na moyo kwa umeme, tofauti na za paja, lakini ni changa na hudunda zenyewe, hivyo kwa nyani waliochomwa seli za namna hii mapigo yalivurugika wiki za mwanzo kabla ya kutulia.

Osaka, kikundi cha Yoshiki Sawa kilimwekea mgonjwa wa kwanza tando za seli milioni 100 Januari 2020. Göttingen, kikundi cha Wolfram-Hubertus Zimmermann kinashona kiraka kinene cha seli na kolajeni juu ya moyo. Mwaka 2025 kilieleza mwanamke wa miaka 46 aliyewekewa seli milioni 400. Alipopata moyo wa kupandikizwa miezi mitatu baadaye, ule wa zamani ulichunguzwa na kiraka kilikutwa hai, kimeota mishipa ya damu. Miezi mitatu kwa mtu mmoja si tiba, ila ni mara ya kwanza mambo kuonekana yakienda kama yalivyokusudiwa.

Kwa macho ya haraka:

| Aina | Huwa msuli wa moyo? | Hushikana kwa umeme? | Hatari kuu | Ilipofikia |
|---|---|---|---|---|
| Paja | Hapana, hubaki msuli wa paja | Hapana | Mapigo ya hatari | Imeachwa |
| Uloto | Hapana | – | Ndogo. Nyingi husombwa | Faida haijathibitika |
| Mesenkima | Hapana | – | Ndogo moyoni. Dripu hunasa mapafuni | Majaribio yanaendelea |
| iPS | Ndiyo | Ndiyo | Uvimbe, mapigo, dawa za kuzuia kukataliwa | Majaribio ya mwanzo |

Safu ambayo jedwali la wakala halina

Kinachopaswa kuwekwa kando ya seli ni dawa nne za moyo dhaifu, kwa mwenye EF ya 40 au chini. Spironolaktoni ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika jaribio la RALES, 1999. Bisoprolol kwa asilimia 34 katika CIBIS-II, mwaka huohuo. Dapagliflozini ilipunguza hatari ya kuzidiwa au kufa kwa ajili ya moyo kwa asilimia 26 katika DAPA-HF, 2019. Ya nne ni enalapril au ndugu zake. Hakuna seli iliyowahi kukaribia hapo.

Wengi wanaosema "dawa zimeshindwa" wanameza dozi ya kuanzia tu. Bisoprolol huanza miligramu 1.25 na kulengwa 10; enalapril 2.5 mara mbili kwa siku na kulengwa 10 hadi 20 mara mbili. Daktari huongeza kila wiki mbili hivi akitazama presha na mapigo. Spironolaktoni huwa 25, na potasiamu pamoja na figo hupimwa wiki ya kwanza na ya nne. Potasiamu ikipita 5.5 dozi hupunguzwa, ikifika 6.0 husimamishwa. Dapagliflozini ni 10 tu tangu siku ya kwanza. Enalapril haipewi mjamzito. Baada ya miezi mitatu ya dozi kamili eko hurudiwa, na hapo ndipo unaweza kusema zimeshindwa au la.

Yanayoharibu kazi hiyo huku pwani yanajulikana: ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) mezani, na diklofenaki ya maumivu ya mgongo kutoka duka la dawa, ambayo hushikilia maji na chumvi na kuumiza figo. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, nenda hospitali usingoje kuvimba. Hospitali ya Bombo, hapo Tanga, ndipo pa kuanzia, na rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ni safari ya kilomita 350 hivi kupitia Segera na Chalinze. Nauli hiyo, na kipimo cha potasiamu, ndiyo kazi ya fedha ya boksi tuliyoiacha juu.

Kama bado mnafikiria kwenda

Muulize wakala kwa adabu, mbele ya shahidi:

"Ndugu yangu, hizo seli ni za mgonjwa mwenyewe au za mtu mwingine?"

"Mama, hayo ni mambo ya wataalamu, sisi tunawapeleka tu."

"Basi nipe karatasi ya wataalamu, inayoonesha aina ya seli, idadi yake, njia watakayopitishia, na asilimia iliyo hai siku ya kuchoma."

Kliniki inayojua kazi yake ina karatasi hiyo. Ongeza: kuna kundi la kulinganishia? Nani atafuatilia mapigo ya moyo wiki nne za mwanzo, na kwa mashine gani? Akizidiwa akiwa ameshafika nyumbani, gharama ni ya nani? Jaribio la kweli halimtozi mgonjwa bei ya seli. Kuorodheshwa kwenye sajili ya majaribio ya Marekani si kibali; kliniki hujiorodhesha zenyewe na kutoza. Likifanyika nchini, lazima liwe na vibali vya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili mnayoweza kwenda kuisoma nyumbani kabla ya kutia saini.

Likiwa la iPS za mtu mwingine, swali zito linakuja baada ya upasuaji. Mgonjwa atahitaji dawa za kutuliza kinga, takrolimasi na wenzake, kila saa 12 bila kukosa, na damu itapimwa kabla ya dozi ya asubuhi kujua kiwango chake. Jueni mapema ni maabara ipi itakayofanya kipimo hicho na majibu yanachukua siku ngapi. Kabla ya kuanza apimwe kifua kikuu kilicholala na homa ya ini B, maana vyote viwili huamka kinga ikishushwa. Kifua kikuu kikiamka ndani ya matibabu, rifampisini hushusha takrolimasi kwa kasi, na daktari asiyejua kuwa mgonjwa ana seli za mtu mwingine moyoni anaweza kuzipoteza zote ndani ya wiki chache. Kadi inayosema hivyo ikae pochini. Na kwenye kapu la matunda la Muheza, machungwa matamu hayana neno. Balungi na danzi ndiyo ya kuacha, kwa kuwa hupandisha takrolimasi hadi kuumiza figo.